Bawaba za Kabati la Mitihani

Jumatatu, 4 Mei

Kwa Msimamizi,
Kipindi cha Barua za Watazamaji.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU SEHEMU YA TISA YA MCHEZO WA "BI KIRAKA"

Mheshimiwa,

Mimi ni mtazamaji wenu mwaminifu tangu sehemu ya kwanza. Sijakosa hata Jumamosi moja, na siku umeme ulipokatika kwetu nilikwenda kuangalia kwa jirani ambaye hatusalimiani. Naeleza haya ili mjue kwamba anayewalalamikia si mpita njia.

Sehemu ya tisa imeniudhi. Kwa wiki tatu mmetuweka roho juu kuhusu wasia uliopotea ndani ya kabati lililofungwa. Ufunguo ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa shingoni mwa mtumishi wa nyumba. Kufuli halikuguswa. Sote tukajua mwizi ni mtumishi. Halafu Jumamosi mpelelezi wenu, Bi Kiraka, na lile koti lake lenye viraka, anachukua msumari wa jikoni, anazisukuma pini za bawaba kutoka chini, moja, mbili, tatu, kisha anaubeba mlango wa kabati na kuuegemeza ukutani, kufuli likiwa bado limefungwa. Watu wote chumbani wanashika vinywa. Mtumishi anaachiwa. Muziki unapigwa.

Naomba niseme kwa heshima kwamba huu ni upuuzi. Mimi ni seremala wa miaka ishirini na minne. Mlango wa kabati la vitu vya thamani, bawaba zake zikikaa nje, fundi hugonga ncha za pini kwa nyundo mpaka zivimbe. Pini iliyogongwa haitoki kwa msumari wa jikoni wala kwa dua. Hilo ni somo la wiki ya kwanza katika useremala. Hakuna fundi mjinga kiasi cha kulisahau, na mwandishi wenu angemwuliza fundi yeyote asingetuaibisha.

Nami sisemi kwa kusikia. Niliwahi kutengeneza kabati la kuhifadhia mitihani katika shule moja kubwa. Mitihani ilipoibwa, kamati iliniita na kuniuliza kama kabati lile laweza kufunguka bila ufunguo. Nilisema haliwezi, na ushahidi wangu ndio uliomaliza kesi siku ileile. Karani aliyekuwa na ufunguo akaondoka kazini. Hakukuwa na Bi Kiraka wala msumari wa jikoni. Mchezo mzuri hufuata maisha yalivyo.

Naomba mrekebishe.

Wenu mtiifu,
Fundi Seremala

*

Jumatatu, 4 Mei

Dada,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mke wangu anasema ulipompigia ulimwambia limeanza kuzikubali ngazi. Mimi simu imenishinda kabisa. Msumeno wa umeme umeshamaliza masikio yangu, nikiweka simu sikioni nasikia mtu anakaanga tu. Kwa hiyo tuendelee na barua zetu hizi, hata kama wajukuu zako wanatucheka.

Najua na wewe unacheka huko. Tangu wiki ya kwanza ulisema mtumishi hana kosa, nami nikakuandikia kwamba una huruma kupita kiasi, kwamba mwenye ufunguo ndiye mwizi na hakuna cha kutafuta zaidi. Haya, umeshinda. Lakini umeshinda kwa hila ya mwandishi, na mimi ushindi wa hivyo siutambui.

Pini za bawaba, Dada! Yaani wiki tatu sikulala vizuri kwa sababu ya pini za bawaba. Nimewaandikia barua ya ukurasa mzima, ya mambo ya kiufundi tu, wajue kuna watu wanaangalia kwa akili. Yule fundi aliyetengeneza lile kabati hata hawakumwita ajitetee. Wamemfanya aonekane mjinga mbele ya nchi nzima, na huenda naye ana watoto wanaoangalia.

Mke wangu, ambaye kazi yake kila Jumamosi ni kunirudia maneno kwa kunipigia kelele, safari hii hakurudia hata moja. Nikamwuliza Bi Kiraka amesema nini. Akasema, "Si umeona mwenyewe." Akaenda zake jikoni. Nadhani na yeye ameudhika.

Wasalimie wote, hasa Mkubwa. Mwambie mjomba wake anamdai barua.

Mdogo wako,
Kijiti

*

Jumatatu, 11 Mei

Kijiti,

Marahaba. Goti ni zima, usilitumie kukwepa aibu ya kushindwa. Nimeibandika barua yako kwenye mlango wa friji ili kila anayechukua maji asome kwamba nimeshinda.

Lakini nikuulize. Katika mchezo ule hakuna fundi. Hatukumwona wala hakutajwa. Kuna mzee aliyekufa, kuna wasia, kuna wale wapwa wake wawili wenye njaa ya nyumba, na kuna mtumishi. Mbona barua yako nzima inamtetea mtu ambaye hayupo? Nilimsomea Mkubwa akacheka mpaka chai ikampalia. Akasema mjomba anaona maseremala hata kwenye habari ya hali ya hewa.

Mimi nililia, nikuambie ukweli. Walipomvua yule mama aproni na kumwambia aende, halafu wakamrudia wakamwita kwa heshima, nililia. Niliwaambia ni moshi wa jiko. Jiko lenyewe lilikuwa limezimwa.

Habari nyingine ni kwamba wale wa shule ya chekechea ya hapa mtaani wamenijia tena. Wanataka mtu mzima wa kukaa ofisini asubuhi, aandikishe watoto, atunze stoo ya madaftari. Walisema wamesikia kwamba zamani nilikuwa karani wa shule kubwa. Nikawaambia waliyemsikia si mimi. Ni mara ya nne nakataa kazi ya namna hiyo tangu nilipohamia huku. Kufuma sweta kunanitosha, na sweta halina ufunguo. Mkubwa alikasirika, akasema nina miaka sitini na nne na bado naishi kama mtu anayejificha.

Usidhani nakulaumu. Miaka kumi na tisa nimekuambia, nakuambia tena: ulisema ulichojua. Ungesema uongo ili kunitetea, ungekuwa umejiharibia kwa bure, nami ningekuwa nimekubebesha dhambi. Hilo tulishalimaliza.

Jumamosi hii usikose. Nasikia wataanza kusoma barua za watu kabla ya mchezo.

Dada yako

*

Jumatano, 13 Mei

Kwa Fundi Seremala,

Tunakushukuru kwa barua yako ya tarehe 4 Mei. Tunafurahi kukujulisha kwamba imechaguliwa kusomwa hewani Jumamosi, tarehe 16, kabla ya sehemu ya kumi na moja. Wafanyakazi wenzangu wameipenda hasa ile habari ya kabati la mitihani. Mwandishi wa mchezo anakusalimu na anasema fundi aliyemwuliza alimwambia kwamba mafundi husahau.

Msimamizi,
Barua za Watazamaji

*

Ijumaa, 15 Mei

Mheshimiwa Msimamizi,

Barua yako nimeipata leo saa nne, na hii naileta kwa mkono. Mlinzi wa getini amekataa kuniingiza lakini ameahidi itakufikia.

Naomba msiisome barua yangu. Kama ni lazima, basi aya ya habari ya shule mwiache. Haina uhusiano na mchezo. Niliiandika kwa hasira, na inamhusu mtu aliye hai ambaye naye huangalia kipindi chenu.

Nimesubiri hapa getini mpaka saa nane, na mlinzi anasema mmetoka kula. Naacha hii.

Fundi Seremala

*

Jumapili, 17 Mei

Kijiti,

Nadhani jana uliangalia, na nadhani hukusikia, maana wifi yangu nina hakika hakukurudia.

Tulikuwa sita sebuleni. Mimi, Mkubwa na mumewe, watoto, na yule jirani wa ghorofa ya juu anayependa kukisia mwizi kwa sauti. Kijana mwenye sauti nzuri akaanza kusoma barua ya "fundi mmoja mwenye hasira." Nilijua ni wewe tangu kwenye jirani msiyesalimiana. Tukacheka sote. Nilijivuna, nikamwambia jirani, "Huyo ni mdogo wangu."

Halafu akasoma habari ya shule. Jina hakulitaja, lakini mimi nilikuwa nimeshasema huyo ni mdogo wangu. Jirani, ambaye hajui lolote, akasema, "Huyo karani lazima alikuwa anagawana na wakubwa zake." Mkubwa akapunguza sauti ya televisheni. Mimi nikasema naenda kuweka maji ya chai.

Uliniambia uliandika mambo ya kiufundi tu. Sawa, hilo tuliache. Si uongo, kesi ilikwisha hivyohivyo ulivyosema, ingawa sikujua kwamba ni kitu unachokisimulia kwa kujisifu.

Nakuandikia kwa sababu nyingine. Nilipokuwa jikoni nikisubiri maji, nilichukua msumari mmoja kwenye kopo nikaujaribu kwenye kabati la vyombo, kama Bi Kiraka. Pini zilitoka. Nikasimama na mlango mkononi, maji yakachemka mpaka yakamwagika.

Kuna jambo nililikumbuka hapo, na sikuwahi kumwambia mtu, kwa kuwa sikujua kama ni jambo. Asubuhi ile, kabla hatujajua kwamba mitihani imetoka nje, niliingia ofisini nikakuta chembe za rangi sakafuni chini ya kabati. Zilikuwa upande wa bawaba. Nikazifagia. Nilidhani ni ukuta unamomonyoka. Lakini ukuta wa ofisi yangu ulikuwa mweupe, na chembe zile zilikuwa za kijivu.

Kwa hiyo nakuuliza, na ninamwuliza fundi, simwulizi mdogo wangu. Lile kabati la shule, bawaba zake zilikuwa nje. Ncha za pini ulizigonga?

Dada yako

*

Ijumaa, 22 Mei

Dada,

Shikamoo. Barua yako imefika. Nisamehe kwa ile ya televisheni, nilijaribu kuizuia.

Kuhusu ulichouliza: nilizigonga. Ningeachaje? Rangi ya mafuta ikikauka vibaya hubanduka yenyewe, hasa chumba kikiwa na joto, kwa hiyo chembe ulizoziona zisikutese. Mchezo wa televisheni usiuchukue sana moyoni.

Mdogo wako,
Kijiti

*

Jumapili, 24 Mei

Dada,

Barua niliyoituma Ijumaa ni ya uongo. Nimeirudia kichwani siku mbili, na kila nikiirudia naiona ni ya mtu ninayemjua vizuri na nisiyempenda. Sikuzigonga.

Nitakuambia kama ilivyokuwa, na usinihurumie unaposoma.

Unakumbuka ni wewe uliyenitafutia kazi ile. Ulimwambia mwalimu mkuu una mdogo wako, kijana fundi hodari, apewe nafasi. Lile kabati lilikuwa kazi yangu ya kwanza kubwa. Nililimaliza Ijumaa mchana, rangi ikiwa haijakauka vizuri, na mwalimu mkuu alitaka liingie ofisini siku ileile kwa kuwa mitihani inafika. Nilijua pini hazijagongwa. Nikajisemea nitarudi Jumatatu na nyundo. Jumatatu nikapelekwa kupima mbao za madawati, nikasahau. Basi, ni hivyo tu. Hakuna la kushangaza.

Mbele ya kamati, waliponiuliza kama linafunguka bila ufunguo, sikukumbuka pini. Hilo naapa. Lakini sikwenda kuangalia. Kabati lilikuwa chumba cha pili, hatua kumi kutoka nilipokaa. Mtu yeyote mwenye akili angesema, "Ngojeni kwanza nikalitazame." Mwalimu mkuu alikuwa ananiangalia, na yale madawati mia mbili alikuwa bado hajaniandikia. Nikasema, "Kabati langu mimi? Hata mchwa hataingia." Wajumbe wakacheka. Wewe ulikuwa umekaa mlangoni, na wewe ulitabasamu kidogo, kwa kuwa mdogo wako amesema vizuri.

Kama ingeishia hapo, ningeweza kukubali maneno yako kwamba nilisema nilichojua. Haikuishia hapo.

Baada ya miezi miwili waliniita nilipake kabati rangi upya, kwa ajili ya karani mpya. Nikachuchumaa kwenye bawaba ya chini. Pini yake ilikuwa imekaa kichwa chini. Dada, mimi siwezi kuweka pini kichwa chini. Hakuna fundi anayeweza. Aliyeirudisha alikuwa na haraka na hakuwa fundi. Ya katikati ilikuwa na mikwaruzo mipya, chuma kinang'aa. Nilielewa palepale, haikuchukua hata dakika moja.

Nikafunga mlango wa ofisi kwa ndani. Nikaigeuza pini, nikazigonga zote tatu, nikapaka rangi mara mbili. Nilifanya kazi safi sana siku ile. Nimefanya mambo mengi ya kijinga maishani, lakini nikiikumbuka ile nyundo na jinsi nilivyolenga vizuri, natamani kujificha chini ya kitanda.

Ungeweza kurudishwa kazini. Ulikuwa bado upo mjini, ulikuwa unafunga mizigo. Jioni ileile nilikuja kukusaidia kubeba kitanda mpaka kwenye lori, na rangi ya kijivu ilikuwa bado kwenye kucha zangu. Uliniambia, "Asante, mdogo wangu, wengine wote wamenikimbia." Nikakuitikia.

Mke wangu nilimwambia mwaka wa tatu. Akasema nikuambie. Nikasema nitakuambia. Ameniuliza kila mwaka, na mwaka huu hakuuliza, akaniachia Bi Kiraka.

Aliyeiba simjui. Nimejaribu kukisia miaka yote na sijui.

Sasa unajua kwa nini mchezo uliniudhi. Sikuwa nimemkasirikia mwandishi. Mtu alichukua msumari wa jikoni akafanya kwa dakika moja, mbele ya nchi nzima, jambo ambalo mimi nilishindwa kulisema kwa miaka kumi na tisa, nami nikaketi kuandika kwamba hakuna fundi mjinga kiasi hicho. Naona aibu hata kuandika shikamoo, kwa kuwa sijui kama utaipokea.

Kijiti

*

Jumapili, 7 Juni

Dada,

Shikamoo. Hujajibu, na sikulazimishi. Naandika kukuarifu nilichofanya, kisha nitanyamaza.

Nilikwenda shuleni. Mwalimu mkuu wa wakati wetu alishafariki, na katika ile kamati hakuna hata mmoja aliyebaki pale. Mkuu wa sasa ni mama kijana, ana adabu sana. Alinipa kiti akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Sasa, mzee, ulitaka tukusaidie nini?" Nikagundua kwamba nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa, kutukanwa, hata kuitiwa polisi. Kusaidiwa sikuwa nimejiandaa.

Kabati bado lipo. Wanawekea jezi na mipira. Nilimwonyesha pini, zimevimba vizuri, akasema, "Kazi nzuri." Nilitaka ardhi inimeze.

Nilimwomba atafute faili lako. Alituma mtu stoo, wakalipata, limeliwa na panya pembeni lakini linasomeka. Ukurasa wa mwisho ni maneno yangu, yale ya mchwa, yameandikwa kwa mkono na kusainiwa na mimi. Nimeandika kurasa mbili za ukweli, nikasaini, wakapiga muhuri na kuziweka juu ya ule ukurasa. Nakala ndiyo hii niliyoambatanisha.

Nikaomba pia kusema mbele ya walimu. Alikubali, katika kikao cha Jumanne. Walikuwa ishirini na wawili na hawakujua namzungumzia nani. Walinisikiliza kwa heshima, kama mtu anavyosikilizwa msibani. Mmoja tu ndiye aliyekujua, yule wa hesabu, sasa ana mvi. Alikaa ameinamisha kichwa. Nilipomaliza akanifuata nje akasema, "Sisi tulikuwa tunabadilisha njia ili tusikutane naye." Kisha akarudi ndani.

Niliwaandikia pia watu wa televisheni, nikaomba wasome barua ya pili kama walivyosoma ya kwanza. Wamejibu kwamba mchezo umekwisha, na kipindi cha barua kimekwisha nao, ila wananishukuru kwa kuwa mtazamaji. Ya kwanza ilisikika na nchi nzima. Ya pili iko ndani ya faili.

Nataka kuja kukuomba msamaha uso kwa uso. Ukisema nije, nitakuja. Ukisema nisije, sitakuja. Hata ukiniandikia matusi matupu nitashukuru, mradi ni mwandiko wako.

Mdogo wako,
Kijiti

*

Jumapili, 21 Juni

Kijiti,

Barua zako zote zimefika. Ya uongo ilitangulia, ikafika peke yake, na kabla ya ile nyingine zilipita siku mbili. Nataka ujue kwamba siku hizo mbili nilikuamini. Nilijiona mtu mbaya, mzee wa kuchochewa na televisheni mpaka namshuku mdogo wangu wa damu. Nilikuwa nimeanza kukuandikia barua ya kuomba radhi. Nimeichana.

Nakala ya faili nimeiona. Nimeisoma kwa miwani na bila miwani. Umefanya vizuri kwenda, na sitasema zaidi ya hapo.

Sikukujibu kwa sababu nilikuwa nakusanya watoto. Nilitaka wawepo wote watatu, na yule wa mwisho ilibidi aombe ruhusa kazini. Walifika Jumamosi. Niliwaketisha sebuleni, nikawasomea barua yako ya tarehe 24 tangu mwanzo mpaka mwisho. Nilitegemea watakukasirikia. Nilikuwa hata nimejiandaa kukutetea, kwa mazoea.

Hawakusema neno juu yako. Hakuna aliyeniangalia usoni. Halafu Mkubwa akaanza kulia, akapiga magoti akanishika miguu, akaniomba msamaha. Nikamwuliza wa nini, wewe umenikosea nini. Akasema, "Mama, sisi tulijua ulichukua kwa ajili yangu."

Unakumbuka ni yeye aliyekuwa anafanya mtihani ule mwaka ule. Alifaulu. Mimi nilidhani kwamba hakufurahi kwa sababu ya msiba wangu wa kazi. Kumbe kila cheti alichopata tangu siku ile alikiona kimetoka kwenye lile kabati. Wadogo zake nao waliamini hivyohivyo. Walikubaliana tangu utotoni wasinitajie, wasiniulize, na wanipende tu, kwa kuwa mama aliiba kwa ajili ya dada yao akalipia peke yake.

Siku ileile niliyofukuzwa niliwaambia kwamba sikuchukua mitihani. Niliwaambia kwa kuapa. Walinikumbatia wote watatu, nami nikadhani wameniamini. Nimeishi kwa kumbatio lile, Kijiti. Nje waliniita mwizi, nikasema haidhuru, nyumbani kwangu najulikana. Miaka kumi na tisa wanangu wamenitunza vizuri, wamenipenda kuliko watoto wa watu wengi, na katika miaka hiyo yote walikuwa wananisamehe.

Kwa hiyo msamaha wangu usiuharakishe. Njoo Jumamosi ijayo. Utakaa sebuleni mbele ya wapwa zako, utasema yote kwa mdomo wako, na utawajibu kila watakachouliza, hata kama itawabidi warudie mara kumi ndipo usikie. Ukimaliza na wao, ndipo mimi na wewe tutaanza.

Dada yako